Mnara wa Heriel Uko Pembeni

Ukitaka kumjua Felisia, msimamishe mbele ya ukuta wowote. Mtu mwengine atatazama rangi, au picha iliyotundikwa. Felisia atafumba jicho moja, atainamisha kichwa kidogo, kisha atakwambia, "Huu umekwenda upande." Atakwambia hivyo benki, atakwambia hivyo hospitali, na ukimkaribisha chai kwako atakwambia hivyo kabla hajakaa. Miaka tisa natumia naye chumba kimoja cha ofisi, ghorofa ya saba, jirani na soko la vitambaa la Zhongda, huku kwa Wachina, na rafu zangu za nguo za watoto keshazipangua mara nne, ati hazijanyooka. Nguo za watoto, jamani! Nani atakuja kuzipima kwa timazi?

Mimi naitwa Najat, mtu wa Unguja. Yeye ni Mchaga wa Moshi, Mkatoliki, binti wa fundi mwashi. Ijumaa mimi naenda zangu msikiti wa zamani mjini, Jumapili yeye anaenda kanisa lao kubwa la mawe lenye minara miwili, tukirudi tunapika na maisha yanaendelea. Sikuwa na kesi na kanisa la mtu. Lakini mwaka huu kanisa la kijijini kwao, ambalo sijapata kuliona kwa macho yangu, limenitoa roho, na sasa nalijua jiwe kwa jiwe kama mawe yake niliyabeba mwenyewe.

Kazi yake ni kama ya wengi wetu hapa. Alfajiri yuko soko la Shahe anachagua fulana za jumla, mchana yuko Kangle kwenye vyumba vya mafundi cherehani, anawafumulisha mishono. Wachina wa Kangle wakimwona anaingia huanza kuguna kabla hajafungua mkoba. Ukimwambia, "Felisia, mshono huo wa ndani nani atauona?" atakujibu, "Mimi." Basi. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Haambiliki, na mbaya zaidi, mara nyingi huwa ana haki.

Mwezi wa sita wakamletea kazi kutoka nyumbani. Parokia yao, Mweraini, huko juu migombani, inatimiza miaka mia. Na watu wa bara si unawajua, jubilei bila sare si jubilei. Kamati ikakaa, ikaamua kila muumini, mkubwa kwa mdogo, avae kitenge chenye picha ya kanisa lao katikati ya duara, na maandishi pembeni. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Adrian, mstaafu wa shule ya msingi, akapiga simu: "Dada Felisia, wewe uko kwenye chimbuko la vitambaa. Tusaidie." Wakamwingiza kwenye kundi lao la WhatsApp. Siku ile ile ningejua, ningeitupa simu yake mtoni.

Nikaletewa picha ya kanisa niitazame. Kanisa lenyewe refu, la mawe meusi ya mtoni, paa la bati jekundu, madirisha membamba yenye vichwa vilivyochongoka. Akanieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba mapadri wa Kizungu walianza na banda la nyasi, kisha ndio wakajenga hili, na mawe yaliletwa na watu wote kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Mtoto aliyekuwa akijiandaa kwa komunyo ya kwanza alipaswa kila Jumamosi kuja na jiwe lake kichwani. Ukuta wa chini kabisa una mawe madogo madogo, wa juu una makubwa. "Kwa sababu watoto walianza, halafu wakubwa wakaona haya," akasema Felisia. Nikacheka. Nilikuwa bado nacheka wakati huo.

"Na huu mnara vipi?" nikamuuliza.

Akafumba jicho moja. Mnara ule, bwana, haukukaa mahali pake. Mlango wa kanisa uko katikati, kipeo cha paa kiko katikati, msalaba uko katikati, halafu mnara umesogea hatua mbili nzima kushoto, kama mke aliyenuna akaenda kulala ukingoni mwa kitanda. Ukishauona huwezi tena kuona kitu kingine.

"Kajenga baba," akasema. "Mwaka sitini na tano."

Hapo ndipo nilipoelewa lile jicho lake la kufumba. Babake, Mzee Heriel, alikuwa Mlutheri aliyeoa, au tuseme aliyekuwa akiishi na, binti wa Kikatoliki, Getrude, mamake Felisia. Padri akampa kazi ya mnara kwa sababu hapakuwa na mwashi mwengine wa maana. Alipomaliza na watu wakaona umekaa pembeni, ikawa ndiyo kicheko cha tarafa nzima. Ati Mlutheri kawakomoa Wakatoliki. Ati siku ya kupiga kamba za msingi alikuwa ameonja mbege, ile pombe yao ya ndizi. Mwenyewe alikuwa akisema neno moja tu: palikuwa na mwamba. Felisia kakua na maneno hayo. Shuleni watoto wenzake wakichora mstari uliopinda walikuwa wakisema, "Umechora kiheriel." Mtoto wa kike wa miaka minane, anasikia jina la babake limegeuzwa kuwa neno la kosa!

"Ana miaka themanini na minne," akaniambia. "Tetemeko limepita, mvua za El Nino zimepita, mnara haujapata ufa hata wa kuingiza kucha. Nataka siku hiyo atoke nje aone watu elfu mbili wameuvaa kifuani. Wauvae kama ulivyo. Siku moja tu wauvae badala ya kuucheka."

Sasa ukishaambiwa hivyo, wewe una moyo gani wa kukataa? Mimi Kichina changu ni kizuri kuliko chake, si kwa kusoma bali kwa kugombana. Nikafuatana naye mpaka kwa Liang, mwanamke mwenye duka la kuchapisha vitambaa hapo Zhongda. Sisi tunamwita laoban, bosi, kama tunavyowaita wenye maduka wote. Mwanamke mchapakazi, mchangamfu, na ana ugonjwa mmoja: kila kitu chako lazima akitengeneze kiwe kizuri zaidi.

Sampuli ya kwanza ikatoka. Mnara umo katikati ya kanisa, umenyooka, kama askari.

"Laoban," nikamwambia, "mnara huu si hapa."

"Mei wenti," akasema, hakuna shida, akitabasamu. "Picha yenu ilipigwa vibaya. Nimeirekebisha."

Nikamfafanulia kwamba picha haikupigwa vibaya, kanisa lenyewe ndivyo lilivyo. Akanitazama mimi, akamtazama Felisia, akatikisa kichwa kwa huruma kama tumefiwa. Sampuli ya pili ikaja baada ya siku tatu: minara miwili. Mmoja kushoto, mmoja kulia! Mchoraji wake kachukua nusu ya kanisa, kaigeuza, kaibandika upande wa pili. Kwa vitambaa ndivyo wanavyofanya, ua la kushoto likutane na ua la kulia. Felisia akafumba jicho, akafumbua, akaweka mikono kiunoni.

"Mwambie baba yangu alijenga mmoja."

"Miwili ni mizuri zaidi," akasema laoban.

"Mwambie huo mmoja tu ulimletea baba kelele miaka sitini!"

Hilo sikulitafsiri. Nilisema tu kwamba tunataka picha ile ile, kama ilivyo, asiongeze, asipunguze. Nikasema mara tatu. Nikaapa kwa Kichina, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Laoban akaandika kwenye daftari, akapigia mstari.

Sampuli ya tatu hiyo, Ijumaa, mimi nimetoka msikitini nimetulia roho yangu. Tunafunuliwa kitambaa: rangi nzuri, duara zuri, maandishi ya Jubilei ya Miaka Mia ya Parokia ya Mweraini hayana kosa hata la herufi moja. Na katikati ya duara pana kanisa jengine kabisa. Kanisa la Ulaya! La mawe ya kijivu, fupi, limejikunyata kwenye majani, na mnara mnene wa pembe nne wenye meno juu kama ngome, na makaburi yamelizunguka yamelala huku na huku.

"Lile lenu limeharibika," akasema laoban, kwa upole kabisa. "Hili nalo ni kanisa. Ni la zamani sana. Zuri zaidi."

Mori ulinipanda nikasahau Kichina chote. Nilimwambia maneno ambayo mamangu akiyasikia atanilisha pilipili. Na wakati mimi nabwata, shoga yangu Felisia akafanya kosa ambalo mpaka leo namdai. Akakipiga picha kile kitambaa, akaituma kwenye kundi la kamati, akaandika chini yake: "Jamani, oneni walichonifanyia!"

Alitaka wakasirike naye. Alitaka huruma, basi. Sasa skia majibu. "Hongera dada Felisia!" "Limependeza mno!" "Mungu akubariki kwa kazi ya mikono yako." Vikono vya kusali, maua, makofi, matarumbeta. Katika watu arobaini na sita hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyesema kwamba lile si kanisa lao. Nadhani waliona kitu chenye mnara, wakaona jina la parokia, wakapiga makofi. Halafu Mwalimu Adrian, yeye angalau aliona: "Dada Felisia, umetuletea ramani ya kanisa jipya! Kamati imeridhia kwa kauli moja."

"Ramani gani?" Felisia akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemo kwenye kundi.

Nikamwambia akanushe. Hapo hapo, dakika ile ile, andika: hili ni kosa la mchoraji. Akaandika. Likamezwa na makofi. Akaandika tena, akajibiwa, "Usijishushe dada, Roho ndiye aliyekuongoza." Ukishaambiwa Roho ndiye aliyekuongoza utabisha nini tena?

Kuanzia siku hiyo sikupata raha. Mwengine angelichukia lile kanisa la kigeni. Felisia, maskini ya Mungu, akalipenda. Akanishikisha simu nimtafutie lilipo, na baada ya kuhangaika nikalipata: kanisa la kijiji huko Uingereza, la parokia kama lao, sehemu yake kongwe ina miaka kama mia tisa. Zikatoka picha nyengine za ndani na nje. Mimi namuuliza fulana za Shahe zitafungwa lini, yeye ananivuta mkono.

"Najat, njoo uone. Ukuta huu wa kulia, gumegume, haya mawe magumu ya cheche, zimepangwa safu kwa safu. Wa kushoto zimetupiwa tu kwenye chokaa. Hawa si mafundi wamoja."

"Felisia, mteja wako wa Arusha kapiga mara mbili."

"Na matao haya ya ndani, upande huu ni ya duara, upande ule yamechongoka. Wamepishana miaka mia hawa. Huyu wa pili alimwona wa kwanza mshamba."

"Sawa."

"Na mlango huu waliuziba. Unauona? Mawe ya kuzibia ni membamba. Kwa nini waliuziba?"

"Mimi nitajuaje kwa nini Waingereza waliziba mlango!"

Akacheka peke yake. Halafu akaisogeza picha karibu na uso. Ilikuwa imepigwa kutoka juu. Chumba cha altare, kule mwisho, kilikuwa kimepinda. Hakikufuata mstari wa kanisa, kimeegemea upande kama mtu anayechungulia. Akauweka ukingo wa daftari juu ya simu, akapima. Nikamwona anatabasamu vile anavyotabasamu mshono ukinyooka.

"Miaka mia tisa kimepinda," akasema, "na hakuna aliyekivunja."

Akaliandikia kundi barua ndefu. Kwamba kanisa mnalolipenda, kila kizazi kilitia kiraka chake. Kwamba mnara wake ulijengwa baadaye na watu wengine, kwamba altare yake imepinda na haikuwahi kunyooshwa. Kwamba likipendeza leo ni kwa sababu hakuna aliyepitisha tingatinga. Barua nzuri, nilimsaidia kuondoa hasira. Mwalimu Adrian akajibu kwa heshima zote: "Ahsante kwa somo, dada. Lakini sisi hatuna miaka mia tisa ya kusubiri. Baba Askofu atakuja siku ya jubilei kuweka jiwe la msingi, tukianzia na mnara mpya, wa pembe nne. Mnara wa zamani utashushwa mwezi ujao na msingi wake utachimbuliwa. Tumekwisha pata tingatinga."

Tena akaongeza, nadhani kwa nia njema, "Hata Mzee Heriel atapumzika na maneno ya watu."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akakaa kwenye kiti chake, mikono kwenye mapaja.

"Nimeuangusha mimi," akasema. "Umesimama miaka sitini, nimekuja kuuangusha mimi kwa simu."

Sikumfariji. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na Adrian, na laoban, na Waingereza wa miaka mia tisa. Nilimwambia, "Mpigie babako umwambie kabla hajaambiwa na mtu mwengine." Akasema hawezi. Nikamwambia hawezi vipi, mtu mzima na miaka arobaini na minane, unawafumulisha watu mishono Kangle, unashindwa kumpigia babako? Nilisema kwa ukali. Akapiga.

Mzee Heriel si mtu wa maneno. Nimeshamsalimia kwenye simu mara nyingi, nikimwamkia "shikamoo" anasema "marahaba," basi, mazungumzo yameisha. Felisia akamwambia yote: kitambaa, picha, kundi, tingatinga.

"Na msingi?" mzee akauliza.

"Ndiyo baba. Watauchimbua na msingi."

Akakata simu.

Felisia alilia siku ile. Alipiga tena, haikupokewa. Kakake mkubwa anayeishi na mzee akasema kamkuta kakaa barazani kavaa viatu, ati anangoja Jumapili. Na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Jumapili alasiri tulikuwa dukani kwa laoban, kwa sababu siku ya kufunga kontena ilikuwa imekaribia na laoban alitaka jibu moja: kanisa lipi? Alikuwa keshachoka na sisi. Kapanga sampuli mbili juu ya meza, la Uingereza na, kwa mara ya kwanza, la Mweraini kama lilivyo, mnara pembeni, hatua mbili kushoto. Kumbe alikuwa anaweza siku zote! Nilitaka kumng'ata. Kamati ndiyo iliyomtuma Felisia, na kamati ilikwisha amua, kwa hiyo jibu lilijulikana. Alikuwa akishindwa tu kulitamka.

Simu yake ikalia. Mwalimu Adrian. Kwao ilikuwa saa sita mchana, misa imetoka.

"Dada Felisia," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya vikono vya kusali. "Tuko kwenye kikao. Mzee wako yupo hapa. Amesimama mlangoni, amekataa kuingia, na amekataa kusema mpaka wewe usikilize. Nakuweka kwenye spika."

Felisia akaiweka simu mezani, juu ya kitambaa. Laoban akataka kuuliza kitu, nikamwashiria anyamaze, na maajabu, akanyamaza.

"Nitasema mara moja," sauti ya mzee ikasema. Ilikuwa ya kukwaruza, ya mbali kidogo na simu. "Palikuwa hakuna mwamba."

Watu kule wakaguna. Mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Mwaka ule nilipewa kazi ya mnara, Getrude alijifungua. Mtoto wa kike. Aliishi siku tatu. Tulikuwa hatujafunga ndoa, kwa sababu mimi Mlutheri na nilikuwa kichwa ngumu. Mtoto hakubatizwa. Nikaenda kwa padri kuomba kaburi. Akasema asiyebatizwa hazikwi kwa waliobatizwa. Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa sheria yao. Akanionyesha nje ya ua, kule mashimoni, walikokuwa wakizikwa wale wengine. Mvua zikija kule maji yanapita juu."

Tulisikia mzee anavyovuta pumzi.

"Mimi ni mwashi. Nilikuwa nimeshapiga kamba, nimeshaanza kuchimba. Nikamzika ndani ya ua wa kanisa, hapo kushoto, ambapo palikuwa hapana kitu. Halafu nikafikiri, watakuja kuchimba siku moja, watamtoa. Nikang'oa kamba. Nikamwambia padri kuna mwamba. Nikausogeza mnara hatua mbili, nikaujenga juu yake. Nikatia mawe ya msingi makubwa, mengi, zaidi ya kiasi. Ndiyo maana haukupasuka."

Nilimtazama Felisia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mkacheka. Sawa. Mkasema nimelewa, sawa. Nilimwahidi Getrude sitasema, maana alikuwa akiona haya kwa padri. Amekufa, mmemzika makaburini kwenu, kwa heshima, nawashukuru. Toka kaburi lake mpaka mnarani ni hatua arobaini. Kila Jumapili alikuwa akitoka misa anakaa kwenye kile kizingiti cha mnara, mnasema anapumzika miguu. Mnataka mnara mpya, jengeni. Jengeni popote, ua ni mkubwa. Ule msiuchimbe. Nimemaliza."

Hapa dukani mashine nyuma zinanguruma, na laoban anatutazama mmoja baada ya mmoja. Mimi nilikuwa nimejawa na hasira miezi mizima, sijui ilikwenda wapi. Niliona aibu tu kwa vile nilivyoucheka mnara ule, nikaufananisha na mke aliyenuna.

Mwalimu Adrian akakohoa. "Mzee Heriel," akasema. "Mzee wangu, nilibatizwa hapa, nimefunga ndoa hapa, na kila mwaka nimewafundisha watoto wa shule kukucheka. Tingatinga haliji. Dada Felisia, kama unanisikia, chapisha kanisa letu."

Nikamgeukia laoban, nikaweka kidole juu ya sampuli ya Mweraini. Nikamwambia hili, kama lilivyo, asiongeze, asipunguze. Safari hii hakusema mei wenti. Akaichukua kwa mikono miwili akaenda nayo nyuma.

Watu wakaanza kusogea kule, viti vinakwaruza sakafu, mtu analia. Felisia akaiinua simu, akaitoa kwenye spika, kisha akairudisha, nadhani alibonyeza vibaya.

"Baba. Bado upo?"

"Nipo."

"Huyo mtoto. Mlimpa jina?"

"Halikuandikwa mahali. Lakini mama yako alimpa. Halafu tukapata wavulana watano, jina likakaa likingoja."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Felisia," mzee akasema.

"Abee, baba."

"Sikuiti, mwanangu. Nakujibu."